Gandhi, Mchele wa Kutwangwa na Maziwa ya Mbuzi

Mohandas Gandhi alizaliwa mwaka 1869 katika mji wa Porbandar, Gujarat, magharibi mwa India. Kwao hawakula nyama. Kabla ya kwenda Uingereza kusomea sheria mwaka 1888, alimwahidi mama yake kwamba hatagusa nyama wala pombe. Wengi tunamjua kama mpigania uhuru, lakini mama na mlezi, hata sahani yake ina somo kwetu.

Alipoishi Afrika Kusini alinunua kinu cha mkono, akawa anasaga ngano nyumbani pamoja na watoto wake. Unga haukuchekechwa. Miaka ya 1930, akiwa India, aliwahimiza watu warudie mchele wa kutwangwa kwa mkono badala ya mchele mweupe wa mashine.

Alikuwa na sababu. Ganda la ndani la mchele lina vitamini B1, na mashine huliondoa. Anayetegemea mchele mweupe bila mboga za kutosha anaweza kupata beriberi, ugonjwa wa mishipa ya fahamu na moyo. Mama anayenyonyesha akikosa vitamini hiyo, maziwa yake nayo hupungukiwa, na mtoto mchanga anaweza kufa.

Lakini Gandhi alikosea pia. Mwaka 1912 aliacha maziwa kabisa. Mwaka 1918 aliugua kuhara damu akadhoofika mno, hata akadhani anakufa. Daktari alimshauri anywe maziwa, akakataa kwa sababu ya kiapo chake. Mkewe, Kasturba, ndiye aliyemwambia kwamba alipoapa alifikiria ng'ombe na nyati, hivyo maziwa ya mbuzi hayakatazwi. Alikubali, akapata nguvu, na akaendelea kunywa maziwa ya mbuzi hadi alipouawa Delhi tarehe 30 Januari 1948.

Mapishi ya asili ya India yana hekima: dengu au choroko huliwa pamoja na chapati au wali, na protini zake hukamilishana. Familia nyingi zisizokula nyama huongeza maziwa au mtindi, ambavyo vina vitamini B12. Mimea haina vitamini hiyo, nayo inahitajika kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu.

Tufanye nini nyumbani?

- Chagua dona na mchele usiokobolewa sana unapoweza.
- Pika nafaka pamoja na choroko, kunde au maharage, na mboga za majani.
- Kama familia haili nyama wala samaki, usiache maziwa na mayai.
- Mtoto chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee. Maziwa ya mbuzi hayachukui nafasi hiyo.
- Usimnyime mtoto aina fulani ya chakula kwa majaribio. Akikataa kula au uzito usipoongezeka, mpeleke kliniki mapema.