Daktari Adrian Atiman wa Karema

Anayeandika habari za tiba katika mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika hawezi kumpita Daktari Adrian Atiman. Hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa katekista wa Kikatoliki chini ya Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe. Lakini maradhi hayakuuliza dhehebu, na haki yake tumpe.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya Mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa na Watuareg, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, ambako wamisionari walimkomboa kwa fedha. Wazazi wake hakuwaona tena.

Kardinali Lavigerie alikusudia vijana wa namna hiyo wasomeshwe utabibu ili wakawahudumie Waafrika wenzao. Atiman akapelekwa Malta mwaka 1881, akasoma huko hadi 1888. Mwaka uliofuata alifika Karema, penye ngome iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa mapadre mwaka 1885.

Mwaka huohuo wa 1889 alimwoa Agnes Wansahira, wa ukoo wa kitemi wa Wabende. Jambo hili si dogo. Mtu aliyenunuliwa hana baba wala mjomba wa kumpelekea posa. Naye, mgeni asiye na ukoo, akawa mkwe wa watawala wa nchi. Mwana wao, Joseph, alipewa daraja la upadre mwaka 1923. Kwa desturi za kwetu, ambako jina la babu hurudi kwa mjukuu, sadaka hiyo ilikuwa nzito kwa mzee aliyekwisha kupokonywa wazazi: kwa mwana huyo hakutazamia mjukuu.

Yeye aliendelea kufunga majeraha, kugawa dawa na kufundisha dini, wala hakuzidharau dawa za miti za wenyeji. Wajerumani walitawala wakaondoka, wakaingia Waingereza. Daktari yuko palepale. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha habari za maisha yake alizozisimulia mwenyewe. Alifariki mwaka 1956, akiwa ameitumikia Karema kwa miaka 67.

Jina lake wanalo hata watu wa mbali: nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam iliitwa Atiman House.