Seremala wa Billund na reli ya chini ya kitanda

Hapa Miritini treni si kitu kigeni. Tangu tarehe 31 Mei 2017, siku reli mpya ilipozinduliwa, stesheni kuu ya Mombasa iko kwetu, na watoto wanazijua saa za treni kama wanavyozijua saa za chuoni. Kabla yake ilikuwako reli ya mkoloni, ile nyembamba ya upana wa mita moja, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Kwa hivyo sikushangaa kumkuta mtoto wa jirani yangu amejenga treni yake sakafuni kwa vitofali vya plastiki, vile mamake alivyovinunua fungu kwa fungu kwenye mitumba ya Kongowea. Kilichonishangaza ni hasira za babake.

Babake ni fundi seremala. Nyumba yao ni chumba na sebule, na ndani yake wamo watu watano. Reli ya mtoto ilikuwa katikati ya njia, na mtu akiamka alfajiri gizani kwenda kutia udhu, kitofali kinamchoma unyayo. Juu ya hayo, kazi zimepungua. Watu wananunua vitanda na makabati yaliyotoka ng'ambo kwenye makontena, na fundi anakaa karakanani akiangalia barabara. Siku hiyo alishika gunia tayari, avizoe vyote akavitupe. Kwake yeye, mtoto wa fundi hana haja ya kupoteza wakati kwa upuuzi wa kuchezea.

Nilimwomba anipe usiku mmoja tu. Baada ya swala ya isha tulikaa barazani nikamsimulia maisha ya mtu aliyeanzisha kiwanda cha vitofali vile. Nilimchagua kwa sababu mtu huyo naye alikuwa seremala, naye kazi zilimwishia, naye aliambiwa na watu wake kwamba anachofanya ni upuuzi.

Jina lake ni Ole Kirk Christiansen. Alizaliwa tarehe 7 Aprili 1891 katika kijiji cha Filskov, upande wa Jutland nchini Denmark, kwenye familia maskini yenye watoto wengi. Useremala alijifunza kwa kakake mkubwa. Alipoiva katika kazi alitoka kutafuta riziki Ujerumani na Norway, na huko Norway ndiko alikompata mchumba wake, Kristine. Mwaka 1916 alirudi kwao akanunua karakana ya useremala katika kijiji cha Billund, si mbali na alikozaliwa.

Billund ya siku hizo haikuwa mji. Ilikuwa nyumba chache kwenye ardhi isiyo na rutuba nyingi, na wateja wake walikuwa wakulima. Ole Kirk aliwajengea nyumba, akawatengenezea milango, madirisha na samani. Wakulima wakivuna vizuri fundi anakula, wasipovuna fundi anasubiri. Mafundi wetu wa huku hawahitaji kufafanuliwa maisha ya namna hiyo.

Mwaka 1924 alipata msiba wa kwanza. Wanawe wawili wadogo, Karl Georg na Godtfred, waliingia karakanani wakawa wanacheza na moto. Moto ukashika takataka za randa. Karakana iliteketea, na nyumba ya familia pia. Baba mwingine angebaki na kinyongo na watoto hao maisha yake yote. Ole Kirk alijenga upya, tena akajenga pakubwa kuliko pale pa mwanzo, akaishi na familia yake upande mmoja na sehemu nyingine akapangisha.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza Marekani mwaka 1929. Bei za mazao zilianguka, wakulima wa Jutland wakaacha kujenga, na fundi akabaki bila kazi. Ilibidi awaachishe kazi vijana wake mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1932, mambo yakiwa mabaya kabisa, Kristine akafariki. Ole Kirk akabaki mjane na wavulana wanne, mkubwa ana miaka 15 na mdogo miaka 6.

Katika mwaka huohuo ndipo alipogeukia vitu vidogo. Mbao za kujengea nyumba hazikuwa na mnunuzi, lakini vipande vya mbao vilikuwapo. Akatengeneza ngazi, viti vya kukanyagia na mbao za kupigia pasi, vitu ambavyo mtu anaweza kuvinunua hata mwaka wa njaa. Akatengeneza pia vitu vya kuchezea watoto: magari, gari la moshi la mbao, wanyama wenye magurudumu wa kuvutwa kwa kamba.

Hapo ndipo masimango yalipoanza. Ndugu zake waliomsaidia kupata mkopo hawakufurahi kuona mtu mzima, seremala hodari, mwenye deni na watoto wanne, anachonga bata wa kuchezea. Walimtaka atafute kazi ya maana. Hakuwasikiliza, na wala hakutajirika. Mara nyingine wateja walimlipa kwa chakula badala ya pesa. Wakati mmoja ulizuka mtindo wa yoyo, kila mtoto akaitaka, naye akatengeneza nyingi mno. Mtindo ukapita ghafla, yoyo zikabaki rundo. Hakuzitupa. Alizipasua kati, kila nusu ikawa gurudumu la gari la kuchezea.

Mwaka 1934 alioa tena, na mwaka huo akakipa kiwanda chake jina la LEGO, kutokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri. Alikuwa ameshindanisha wafanyakazi wake watafute jina, na mshindi akawa yeye mwenyewe.

Kuna kisa kimoja katika maisha yake ambacho nilikitia mkazo kwa jirani yangu. Bata wa mbao wa Ole Kirk walipakwa vanishi mara tatu. Siku moja mwanawe Godtfred, ambaye alikuwa bado kijana, alirudi kutoka stesheni ya treni alikokwenda kupeleka sanduku la bata, na akamweleza babake kwa fahari kwamba ameokoa pesa za kiwanda. Bata wale amewapaka vanishi mara mbili tu. Mnunuzi hangejua. Babake alimwamuru arudi stesheni papo hapo, alichukue sanduku, afungue kila pakiti, awapake bata mkono wa tatu na kuwafunga upya, tena peke yake, hata kama itamchukua usiku kucha. Godtfred alifanya hivyo, na baadaye, alipokuwa yeye ndiye mwenye kiwanda, alikuwa akikisimulia kisa hicho kuwa ndicho kilichomfunza kazi.

Ole Kirk alikuwa Mkristo mshika dini, na sisi tuna dini yetu. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu anampenda mja ambaye akifanya kazi huifanya kwa ukamilifu. Vanishi ya mara ya tatu haionekani. Ni amana baina ya fundi na Mola wake, na baina yake na mtoto asiyemjua atakayemvuta bata yule.

Mwaka 1942, Denmark ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, kiwanda kiliungua tena. Safari hii michoro na vielelezo vya miaka mingi vilikwenda na moto. Ole Kirk alikuwa na miaka 50 na alikaribia kukata tamaa, lakini alikuwa na wafanyakazi wanaomtegemea. Akajenga tena.

Vita vilipokwisha, mwaka 1946, alifanya jambo lililowaogopesha hata wanawe: alinunua mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu. Plastiki ilikuwa kitu kipya na mashine ilikuwa ya bei kubwa. Wazo la kitofali halikuwa lake tangu mwanzo. Mwingereza aitwaye Hilary Fisher Page alikuwa ametangulia kutengeneza vitofali vya plastiki vinavyopachikana, na Ole Kirk na Godtfred waliviona, wakaviiga na kuvirekebisha. Mwaka 1949 walianza kuuza vya kwao. Havikupendwa haraka. Ndani vilikuwa vitupu, kwa hivyo mtoto akijenga kitu kirefu kinaachia na kuanguka.

Ilichukua miaka tisa kupata dawa. Waliweka mirija midogo ndani ya kitofali, na vile vichwa vya kitofali cha chini vikaingia na kubanwa kati ya mirija na ukuta. Godtfred aliwasilisha ombi la hataza tarehe 28 Januari 1958. Ole Kirk alifariki tarehe 11 Machi mwaka huohuo, wiki sita baadaye, akiwa na umri wa miaka 66. Reli ndogo iliyopita Billund, ile ya stesheni ya bata, ilikuwa imefungwa mwaka mmoja kabla, 1957. Treni ya vitofali yenye mota na reli zake haikutoka mpaka mwaka 1966, mwenyewe keshatangulia.

Hapo jirani yangu akaniuliza, mbona basi namsimulia habari za treni ambayo mtu huyo hakuiona. Nikamwambia twende ndani tukaione ya mwanawe.

Vitofali vya mtoto yule vimetoka nyumba nyingi, miaka mingi. Vingine vimefifia rangi, vingine ni vya majuzi. Lakini vyote vinashikana. Kitofali cha mwaka 1958 kinapachikwa na cha leo bila kulazimishwa, kwa sababu kiwanda kilikataa kulegeza kipimo kama mzee alivyokataa kupunguza vanishi. Lau si hivyo, mafungu ya Kongowea yasingekuwa na faida kwa mtoto wa Miritini. Zingekuwa takataka za rangi tu.

Kisha tukapima. Reli za kuchezea zile zina upana wa milimita 37.5 hivi, na reli ya stesheni yetu ina milimita 1,435, yaani kubwa mara 38. Kwenye mfuko wa mtoto mlikuwa na vipande 16 vilivyopinda na 6 vilivyonyooka. Vipande 16 vilivyopinda hufanya duara kamili la sentimita 70 kutoka ukingo hadi ukingo. Ukitia vitatu vilivyonyooka kila upande, unapata njia ya mviringo mrefu isiyofika sentimita 110. Maana yake ni kwamba reli nzima inakaa juu ya ubao wa futi nne kwa futi mbili na nusu, na ubao huo unaingia chini ya kitanda.

Mtoto alikuwa ameshagundua mengine mwenyewe. Kwenye kona, behewa refu hujitokeza: tumbo lake huingia ndani ya duara na ncha zake hutoka nje. Basi jukwaa la abiria alilisogeza hadi sehemu iliyonyooka. Stesheni aliijenga upande wa mbele tu, kwa kuwa nyuma haionekani na vitofali ni vichache. Treni haina mota. Anaisukuma kwa kidole na mlio anautoa mwenyewe.

Fundi alichutama akaangalia kwa muda. Hakusema lolote kuhusu Denmark. Alimuuliza mwanawe jukwaa limeachwa mbali kiasi gani na reli, na mtoto akamwonyesha kwa kupitisha behewa refu taratibu, hakuna kilichogusana. Nilijua pale kwamba gunia limesahauliwa.

Siku ya tatu yake alikuja na kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye kabati la mteja. Alikuwa amekipiga msasa kando zote na kukipigilia fito mbili chini ili kiteleze bila kukwaruza sakafu. Sasa reli inatolewa baada ya chuo na kurudishwa chini ya kitanda kabla ya maghribi. Njia iko wazi, na hakuna anayechomwa unyayo alfajiri.

Simwambii fundi yeyote wa Miritini kwamba akianza kuchonga bata atafungua kiwanda. Ole Kirk mwenyewe alikula shida miaka mingi, na alikufa kabla hajajua jina lake litafika wapi. Lakini tuna maseremala wengi ambao vipande vya mbao vinaishia jikoni kuwa kuni, na tuna watoto wengi waliobanwa ndani kwa sababu nje ni malori na viwanja vimekwisha. Mtoto anayepima pengo la jukwaa na treni akiwa na miaka tisa anajifunza kazi, hata kama mzazi anaona mchezo. Kabla ya kushika gunia, mwulize kwanza anajenga nini. Na ukiwa na ubao mzima wa futi nne kwa mbili na nusu, usiutie moto.