Msiri: Mtawala wa Shaba ya Katanga

Kabla Katanga haijajulikana ulimwenguni kwa migodi yake, shaba ya huko ilikwisha kumvuta mwana wa Unyamwezi aliyeitwa Ngelengwa, ambaye historia inamkumbuka kwa jina la Msiri. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa misafara aliyeifuata shaba hiyo, na mwana akaijua njia mapema. Katika miaka ya 1850 alilowea huko pamoja na wafuasi wake, Wayeke.

Msiri hakuivumbua shaba. Wenyeji, wakiwemo Wasanga, waliichimba, wakaiyeyusha na kuimimina katika kalibu za umbo la msalaba tangu kale. Yeye alikuja na bunduki, akaingilia ugomvi wa machifu, akaoa katika koo zao, hatimaye akaasisi dola ya Garanganze, makao yake makuu yakiwa Bunkeya. Shaba, pembe za ndovu na watumwa vilielekea pwani mbili, ya Bahari ya Hindi na ya Angola. Bunduki na baruti vikarudi. Anayemsifu Msiri kwa ujasiri wake hana budi kuwakumbuka pia waliouzwa. Kufikia 1891 Wasanga walikuwa wamemwasi, na dola yake ilikuwa imedhoofika.

Mwaka 1890 Alfred Sharpe alifika kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, akaondoka mikono mitupu. Desemba 1891 ukafika msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Wapagazi wake wengi walitoka Zanzibar na pwani, nao walipitia Tabora, katika nchi aliyotoka Msiri mwenyewe. Msiri alikataa kuwa chini ya bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba Kapteni Omer Bodson alimpiga risasi akamwua. Bodson naye akapigwa risasi hapo hapo, akafa.

Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière iliundwa kuchimba shaba ile ile. Kiswahili, kilichotangulia kufika kwa miguu ya misafara, kilienea migodini hadi kikawa lugha ya mji wa Lubumbashi. Kwa hiyo, tunapojivunia kuenea kwa lugha yetu, tukumbuke kwamba njia iliyoipeleka Katanga ndiyo iliyopitisha minyororo ya watumwa, na ndiyo iliyomfikisha Bunkeya muuaji wa Msiri.