Wangila: Konde la Eastlands lililoleta dhahabu ya Olimpiki

VIJANA wanaonyanyua vyuma katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, wana hesabu moja wasiyoisahau. Kila mmoja anajua wiki hii amenyanyua uzani gani, na wiki iliyopita ulikuwa gani. Mara nyingi vyuma vyenyewe ni mikebe iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa kipande cha bomba. Anayenyanyua huwa na mwenzake kando, anayemwelekeza anyooshe mgongo, asiharakishe, na aanze kusukuma kwa miguu kabla ya kuvuta kwa mikono.

Hesabu hiyo na maelekezo hayo ndiyo yaliyokuwa shule ya mabondia wa Eastlands. Miongoni mwa waliopitia shule hiyo, hakuna aliyefika mbali kumliko marehemu Robert Wangila Napunyi, ambaye hadi leo ndiye Mkenya pekee aliyewahi kutwaa nishani ya dhahabu ya ndondi katika Michezo ya Olimpiki. Maisha yake yanaonyesha jinsi mwili wa kijana wa kawaida unavyoweza kujengwa ukawa na nguvu za kuushangaza ulimwengu. Yanaonyesha pia kwamba kuna jambo moja ambalo mizani na hesabu za mazoezi haziwezi kulipima.

Wangila alizaliwa Nairobi mnamo Septemba 3, 1967. Jina lake linahusishwa na klabu ya ndondi ya Dallas katika mtaa wa Muthurwa, ule mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli ulio kando ya barabara ya Landhies, mahali ambapo Eastlands inapakana na katikati ya jiji. Kutoka hapo hadi Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni na Pumwani ni mwendo wa miguu tu. Katika mitaa hiyo, kumbi za kijamii zilikuwa mahali pa mikutano na densi, na jioni zikageuka viwanja vya mazoezi kwa vijana wasiokuwa na fedha za kulipia vilabu vya kifahari.

Mchezo wa ndondi uliwafaa vijana hao kwa kuwa hauhitaji mali nyingi. Kamba ya kuruka, gunia la kupigia, jozi chache za glavu zinazovaliwa kwa zamu na ukuta wa kuegemea vinatosha kuanzia. Asubuhi ni mbio barabarani kabla ya magari kuwa mengi. Jioni ni pushapu, kuruka kamba, kupigana na kivuli na kulipiga gunia kwa vipindi vya dakika tatu, na mapumziko ya dakika moja kati ya kipindi na kipindi.

Kuhusu vyuma, walimu wengi wa ndondi wa zamani walikuwa na mashaka. Waliamini kwamba misuli mikubwa humfunga bondia, ikampunguzia wepesi wa mkono. Wakufunzi wa siku hizi wamelegeza msimamo huo, kwa maana vyuma vikitumiwa kwa kiasi na kwa mtindo sahihi huongeza nguvu bila kuharibu kasi. Hata hivyo, wa zamani na wa sasa wanakubaliana kwamba konde zito halianzii mkononi. Huanzia kwenye unyayo unaokanyaga sakafu, likapanda kupitia paja, likageuzwa na kiuno, likapita begani, ndipo likafika kwenye ngumi. Bondia anayepiga kwa mkono pekee huchoka upesi na hamuumizi mtu.

Ufundi huo haufunzwi kwa maneno ya mkufunzi pekee. Kijana aliyeanza mwaka jana humrekebisha aliyeanza leo, akamwonyesha namna ya kuficha kidevu na kutoinua kiwiko kabla ya kupiga. Maendeleo hupimwa kwa idadi ya raundi, kwa muda wa kupumua vizuri tena baada ya kazi nzito, na zaidi ya yote, kwa mizani. Katika ndondi za ridhaa, bondia hupimwa uzani asubuhi ya kila siku anayopigana. Wangila alipigana katika uzani wa welta, ambao kikomo chake wakati huo kilikuwa kilo 67. Kuzidi kidogo tu kulimaanisha kuondolewa mashindanoni bila kurusha ngumi hata moja.

Alipokuwa akipanda, Kenya ilikuwa na jina kubwa katika mchezo huo. Philip Waruinge alikuwa ameleta shaba kutoka Mexico mwaka 1968 na fedha kutoka Munich mwaka 1972. Huko huko Munich, Dick Murunga alipata shaba katika uzani ule ule wa welta. Kenya haikushiriki Olimpiki za 1976 na 1980, lakini iliporejea Los Angeles mwaka 1984, Ibrahim Bilali alipata shaba. Mwaka 1987, Michezo ya Afrika ilipofanyika Nairobi, mabondia wa timu ya taifa walitamba mbele ya mashabiki wao. Kilichokosekana ni dhahabu ya Olimpiki.

Dhahabu hiyo ilipatikana Seoul, Korea Kusini, mwaka 1988. Wangila alikuwa na umri wa miaka 21. Katika uzani wake alikuwemo Mmarekani Kenneth Gould, bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa wa mwaka 1986, aliyeishia kupata shaba pamoja na Jan Dydak wa Poland. Fainali ilimkutanisha Wangila na Mfaransa Laurent Boudouani, bondia stadi ambaye baadaye, katika miaka ya tisini, alikuja kuwa bingwa wa dunia wa ndondi za kulipwa.

Michezo ya Seoul inakumbukwa kwa lawama nyingi dhidi ya majaji. Iliyovuma zaidi ni ile ya fainali ambapo Mmarekani Roy Jones alinyimwa ushindi mbele ya Park Si-hun wa Korea Kusini, ingawa wengi waliona amemshinda waziwazi. Wangila hakuwaachia majaji kazi yoyote. Katika raundi ya pili alimwangusha Boudouani, na pambano likaishia hapo.

Nishani za dhahabu za ndondi zilizokuwa zimefika Afrika hapo awali zilikuwa za Wazungu wa Afrika Kusini. Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuipata. Kenya ilitoka Seoul na dhahabu tano, nne kati yake zikiwa za wanariadha Peter Rono, Paul Ereng, Julius Kariuki na John Ngugi. Ya tano ilikuwa ya Wangila, na hadi sasa ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha. Katika michezo hiyo hiyo, Chris Sande alipata shaba katika uzani wa kati. Tangu wakati huo, hakuna bondia wa Kenya aliyerejea nyumbani na nishani ya Olimpiki.

Mwaka 1989, Wangila aliingia katika ndondi za kulipwa nchini Marekani. Huo ni mchezo wenye jina lile lile lakini masharti tofauti. Seoul alipigana raundi tatu za dakika tatu kila moja, akiwa amevaa kofia ya kukinga kichwa. Katika ndondi za kulipwa kofia hakuna, na raundi zinaweza kufika 10 au 12. Bondia hupimwa uzani siku moja kabla ya pambano, jambo linalowashawishi wengi kujikausha maji mwilini ili watoshe kwenye mizani, kisha wayarudishe kwa haraka. Madaktari wameonya kwa miaka mingi kwamba mwili uliokaushwa hivyo ni hatari kuupeleka ulingoni.

Wangila alishinda mapambano 22, mengi yao kabla ya raundi kukamilika, na kushindwa matano. Pambano la mwisho lilikuwa usiku wa Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, dhidi ya Mmarekani David Gonzales. Katika raundi ya tisa, refa aliona Wangila amepigwa vya kutosha, akalisimamisha. Wangila alilalamika, kwa kuwa alijiona bado ana nguvu za kuendelea. Muda mfupi baadaye alizirai katika chumba cha kubadilishia nguo na kupoteza fahamu. Hakuzinduka tena. Alifariki Julai 24, akiwa na umri wa miaka 26.

Malalamiko yale ya Wangila ndiyo yanayostahili kukumbukwa na kila anayejenga mwili. Mtu aliyeumia ubongo anaweza kusimama wima, kuongea na hata kudai aendelee kupigana, ilhali damu inavuja polepole ndani ya fuvu. Miguu yake inaweza kuwa imara na mapafu yake mazima. Uzani wake ni ule ule uliosomwa kwenye mizani. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo alivyovizoea tangu ujana kinachoweza kumwambia kwamba yuko hatarini. Refa wa Las Vegas aliona kile ambacho bondia mwenyewe hakuweza kukihisi, na hata hivyo wakati ulikuwa umekwisha kupita.

Mwili wake ulirudishwa Kenya, ambako mazishi yalitanguliwa na mabishano makali kuhusu dini ambayo angezikwa kwayo. Kelele hizo zilifunika kwa muda swali lililokuwa muhimu zaidi kwa vijana waliobaki kwenye kumbi za mazoezi.

Swali hilo lina majibu yanayowezekana hata katika klabu isiyo na fedha. Daftari linaloandikwa kilo na raundi linaweza pia kuandikwa tarehe ambayo kijana alipigwa kichwani akayumba, na siku alizopumzika baadaye. Maumivu ya kichwa, kutapika au kusahausahau ni sababu ya kumpeleka hospitalini, wala si dalili ya uoga. Na yule mwenzake anayesimama kando, aliyezoea kumwambia anyooshe mgongo na afiche kidevu, apewe pia mamlaka ya kumwambia kwamba leo inatosha, hata kama mwenyewe anasisitiza kwamba bado ana nguvu.