Songea Mbano: hasira yake ilikuwa wazi, Mjerumani akaona uchawi

Kuna mtu mmoja tunamtaja kila siku bila kumfikiria. Nenda stendi ya Mbinga asubuhi, utawasikia wapiga debe wanaita Songea, Songea! Mtu wa Ukata au wa Mbamba Bay akisema anakwenda mkoani, anakwenda kwa huyu mzee. Lakini muulize kijana Songea alikuwa nani, atakwambia alinyongwa na Wajerumani, basi. Leo tumwangalie vizuri kidogo, maana maisha yake yanagusa jambo ambalo wataalamu wanalichunguza mpaka sasa: jinsi mtu anavyomtazama mwenye rangi nyingine na kusoma usoni pake kitu ambacho hakipo.

Songea Mbano alikuwa nduna, yaani kiongozi wa vita chini ya Nkosi, katika dola ya Wangoni wa Njelu. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya safari ndefu baadhi yao wakaweka makao huku kwetu. Tuwe wakweli jamani, Songea hakuwa malaika. Majeshi ya Wangoni yaliwavamia majirani na kuchukua mateka. Wamatengo wanajua kwa nini mababu zao walijibana milimani na kulima ngoro kwenye miteremko. Wangoni wenyewe nao walikuwa na madaraja: waliotoka kusini walijiona juu, na waliotekwa wakaitwa Wasutu. Kwa hiyo ugonjwa wa kumpima mwenzako kwa kundi lake haukuja na Mzungu. Mzungu aliuongezea bunduki, na baadaye akauita sayansi.

Wajerumani walifika Ungoni mwaka 1897 wakajenga boma karibu na kijiji cha Songea. Ndiyo maana mji ukapata jina lake. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba. Ukikosa hela unafanya kazi ya lazima, na viboko juu. Wakuu waliozoea kuamua mambo yao wakawa wanaamriwa na askari.

Mwaka 1905 vita ya Maji Maji ikaanza Umatumbi. Mjumbe aitwaye Kinjala akaileta dawa ya maji Ungoni. Nkosi Mputa Gama akaipokea, na Songea akaingia vitani. Maji hayakuzuia risasi. Wajerumani wakachoma vijiji, mashamba na maghala, njaa ikaua kuliko bunduki. Makadirio ya waliokufa kusini yote yanafika watu 250,000 hadi 300,000.

Sasa angalieni hapa. Gavana wa wakati huo, Götzen, alipoeleza chanzo cha vita aliweka mbele uchawi na njama za waganga. Watu wametozwa, wamechapwa, wamedharauliwa, halafu hasira yao inaitwa ushirikina! Angekuwa mkulima wa Kijerumani anagoma kulipa kodi, wangeuliza kodi ina tatizo gani. Kwa Mngoni swali hilo lilichelewa sana.

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa pale Songea, Nkosi Mputa akiwemo. Baadhi walibatizwa na mmishenari kabla ya kufa. Wazee wanasimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha Songea hai, wakidhani atawafaa. Yeye akakataa kubaki huku wenzake wamekwisha, akadai kifo kile kile. Siku chache baadaye naye akanyongwa. Waliomfunga walimhesabu kama mtu anayeweza kununuliwa kwa uhai wake. Walikosea kumsoma mpaka siku ya mwisho.

Inasimuliwa pia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Hilo si jambo la ajabu kwa enzi zile. Mtaalamu wa Berlin, Felix von Luschan, alikusanya maelfu ya mafuvu ili mbari za watu zipimwe. Katika mkusanyo huo yamechunguzwa mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, na kama 200 ni ya Tanzania ya leo. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kutafuta fuvu hilo.

Mtasema hayo ni ya zamani. Hapana. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, Hugenberg na Bodenhausen, waliwaonyesha Wazungu filamu fupi za nyuso zilizotengenezwa kwa kompyuta, hasira ikififia polepole. Wale wenye upendeleo wa chini chini dhidi ya weusi waliendelea kuona hasira kwenye uso mweusi muda mrefu kuliko kwenye uso mweupe. Ukiwauliza watu kama hao, wengi watakuapia hawana ubaguzi, na hawadanganyi. Jambo lenyewe linatokea kabla mtu hajafikiri. Utafiti mwingine wa mwaka 2002, wa Elfenbein na Ambady, ulikusanya majaribio ya nchi nyingi ukakuta kwamba watu husoma vizuri zaidi hisia za watu wa kundi lao, na tofauti hiyo hupungua pale makundi yanapoishi karibu.

Kwa hiyo dawa ipo: kukaa pamoja na kuuliza kabla ya kuhukumu. Na sisi tusicheke sana. Ukimwona Mmasai, Mhindi au Mchina sokoni ukasema huyu ana roho mbaya, umemuuliza? Songea alinyongwa na watu walioona hawana haja ya kuuliza. Mashujaa hao wanakumbukwa kila Februari kwenye makumbusho ya Maji Maji pale Songea. Ukipita, ingia.

Nawasilisha. Wewe mdau unasemaje? Matusi hapana, hoja karibu.