Maurice Ewing: Mpimaji wa Mashapo ya Bahari

Msafiri atokaye Ruiru kwenda Thika hutumia muda mfupi tu barabarani, lakini udongo unaochukuliwa na mito ya miji hiyo miwili huachana mbali sana. Maji ya Mto Ruiru huingia katika Athi, ambao baadaye huitwa Galana na hatimaye Sabaki, nao humwaga mashapo yake baharini karibu na Malindi. Mto Thika huishia katika Tana kwenye bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ambako udongo mwingi hunaswa kabla ya kufika Ghuba ya Ungwana. Haba na haba, udongo wa nchi kavu hutua sakafuni mwa bahari. Je, umerundikana kiasi gani? Miongoni mwa waliotangulia kulijibu swali hilo kwa vipimo ni Maurice Ewing.

Ewing alizaliwa tarehe 12 Mei 1906 mjini Lockhart, jimbo la Texas, Marekani. Alisomea fizikia katika Taasisi ya Rice na kupata shahada ya uzamifu mwaka 1931. Mwaka 1935 alianza kupima mashapo katika pwani ya Virginia. Baruti ililipuliwa, na vyombo vikanasa mawimbi ya mlio yaliyopenya chini. Kwa kuwa sauti husafiri kwa kasi zaidi katika mwamba mgumu kuliko katika tope, muda wa kufika kwa mawimbi hayo ulidhihirisha unene wa tabaka.

Mwaka 1949 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Lamont cha Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1953 kituo hicho kilipata Vema, merikebu ya milingoti mitatu. Kazi hiyo haikukosa gharama. Januari 1954 wimbi kubwa liliwafagia Ewing, ndugu yake John na maafisa wawili wa chombo. Watatu waliokolewa, afisa mmoja alikufa maji. Ewing mwenyewe alijeruhiwa, akawa anachechemea.

Wataalamu wengi walitarajia kukuta mashapo ya kilomita nyingi, kwani bahari ilidhaniwa kuwa na umri mkubwa kama dunia yenyewe. Kinyume chake, mbali na pwani tabaka lilikuwa mara nyingi chini ya kilomita moja, na juu ya matuta ya katikati ya bahari mashapo yalikuwa haba mno. Ilibainika kwamba sakafu ya bahari ni changa.

Ajabu ni kwamba Ewing kwa muda mrefu aliishuku nadharia ya kusogea kwa mabara, ilhali kumbukumbu zilizokusanywa na merikebu zake ndizo zilizoitilia nguvu katika miaka ya 1960. Hata hivyo, hakuacha kupima. Alifariki tarehe 4 Mei 1974 mjini Galveston, akiacha hazina ya vipimo iliyomshinda hata yeye kwa hoja.