Mwami Msiri wa Bunkeya: mabibi mamia mbele ya dini ya bibi mmoja

Bunkeya, katika teritware ya Lubudi, wengi tunaijua kama muji wa Wayeke. Aliyeijenga ni Mwami Msiri. Jina lake la kwanza ni Ngelengwa, na alizaliwa karibu na mwaka 1830 upande wa Tabora, Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa anakuja huku kununua shaba. Mtoto akafuata njia ile ile, lakini yeye akabaki, akawa mfalme. Utajiri wake ulitoka kwenye shaba, pembe za tembo na watumwa.

Msiri alioa sana. Wageni waliofika kwake waliandika kwamba mabibi wake walipita 500. Haikuwa tamaa tu. Bibi mmoja alikuwa binti wa chifu fulani, na ile ndoa ilifunga urafiki wa nchi mbili. Maria da Fonseca alimfungulia njia ya Angola, kule bunduki na baruti zilikotoka. Wengine aliwaweka kusimamia vijiji na kumletea habari. Kwa ufupi, ndoa ndiyo ilikuwa serikali yake.

Mwezi wa pili 1886, misionere Frederick Stanley Arnot, mtu wa Scotland, akafika Bunkeya. Msiri alimpokea, akamuacha ajenge. Lakini dini ya Arnot ilifundisha bwana mmoja na bibi mmoja. Kukubali vile kungekuwa kukata kamba zote zilizoshika ufalme. Msiri hakubatizwa. Tarehe 20 Desemba 1891, kapiteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliokuja kwa ajili ya Léopold II, alimuua kwa risasi. Bodson naye alikufa sababu ya mapigano yale.

Leo sheria ya jamaa ya 1987 inakubali ndoa ya bibi mmoja tu, na makanisa yetu mengi vilevile. Lakini wanaume wenye deuxième bureau hawajaisha. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 inasema mwenye mabibi wengi akibatizwa abaki na mmoja, ila wale anaowaacha lazima wapate matunzo. Hapo ndipo wengi wanasahau. Kuchagua bibi mmoja ni kazi ya siku moja. Kulisha wale wengine na watoto wao ni kazi ya miaka.